Mama Aliuliza Kama Alijua

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkurugenzi wa Makumbusho na wafanyakazi wako, maafisa wa jeshi, mlio kazini na mliostaafu, viongozi wa dini zote, ndugu na jamaa wa wale ambao helmeti zao zimo ndani ya vioo hivi, walimu wenzangu, nyinyi wanafunzi wangu wa zamani mlioota mvi na bado mnakimbilia viti vya nyuma, na mama yangu mzazi, ambaye itifaki imemweka safu ya pili ingawa bila yeye shughuli hii isingekuwepo: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Ratiba inasema nitoe neno fupi la shukrani kwa niaba ya familia. Nitashukuru, msiwe na wasiwasi; mimi ni mtoto niliyelelewa. Lakini yupo mtu humu ndani mwenye swali kwangu tangu mwaka juzi, na jibu lake nimelipata juma lililopita, na nimelikalia. Mtu huyo ni mama. Siku alipoliuliza alinipa na masharti. Alisema, "Ukilijua, usinijibu nyumbani. Nyumbani utanionea huruma, na wewe ukimwonea mtu huruma unamdanganya. Niambie mbele za watu, maana mbele za watu unaogopa aibu." Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba radhi kwako na kwa wageni wako. Leo mtakuwa mashahidi wa jambo la nyumbani kwetu.

Wengi mmenisimamisha pale mlangoni mkaniuliza, "Mwalimu, mwanamke mzima, una mume na wajukuu, helmeti za vita za nini?" Hata mume wangu aliuliza; siku alipokosa pa kuweka redio yake, alisema nyumba yetu ina kofia nyingi kuliko vichwa. Jibu langu ni fupi. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alichukuliwa jeshini vita vilipopamba moto, na hakurudi. Tulimwita Njiti kwa kuwa alizaliwa kabla ya siku zake, na hata alipokuwa mrefu wa kuinama mlangoni, jina lilikuwa limeshamganda. Vita vilipokwisha tulipewa mkono wa pole na bendera iliyokunjwa vizuri. Mwili hatukupewa. Na mtu asipozikwa, ndugu zake washike nini? Mimi niliamua kuitafuta kofia yake ya chuma.

Kila likizo ya shule nilivuka mto kwenda kule walikopigana. Nilizikuta helmeti zinafanya kazi za amani. Moja ilikuwa inanyweshea mbuzi, nyingine imepandwa maua, na nyingine ilikuwa poti ya mtoto mdogo, ambaye alilia sana nilipoichukua, ikabidi nimnunulie ya plastiki. Mwanzoni niliona madoa ya rangi tu. Baadaye nikaanza kuona mikono ya watu. Mabakamabaka yale hayakutoka kiwandani. Yalipakwa kwa brashi, na kila mpakaji alikuwa na mkono wake, kama daftari za wanafunzi zilivyo na mwandiko. Huyu alichanganya mchanga kwenye rangi ili chuma kisimetemete juani. Yule alilaza jani, akapaka juu yake, akalibandua, umbo la jani likabaki. Kwa kufuata mikono hiyo, na namba zilizogongwa kwenye ukingo, nilivipata vikosi, na kupitia vikosi nikazipata familia. Zimo humu. Yupo baba mmoja ameketi karibu na dirisha. Nilipompelekea ya mwanawe aliivaa kichwani, akakaa nayo mezani, nasi sote tukala bila mtu kumwambia aivue.

Ya Njiti niliipata nikiwa nimekwisha kata tamaa. Ilikuwa nyuma ya nyumba ya mama mmoja muuza mboga, imelazwa chali kwenye kona, na kuku ameatamia ndani yake. Kwenye ukingo kulikuwa kumekwanguliwa jina kwa msumari: NJITI. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Kisha nilimwomba yule mama aniuzie.

"Huyo kuku?" akaniuliza.

"Hapana, hiyo kofia."

"Kwani ina mwenyewe?"

"Alikuwa mdogo wangu."

Akanitazama mimi, akamtazama kuku. "Basi subiri vifaranga vitoke, dada. Na hawa nao wana mama."

Nilisubiri. Nilipanga chumba jirani mpaka vifaranga vikatoka, na siku hiyo yule mama aliiosha mwenyewe, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nyumbani mama aliiweka juu ya meza ya cherehani. Mnamjua mama kwa ufundi wake. Sare za shule za nusu ya mji huu zimepita mikononi mwake. Na msidhani aliitazama kwa huzuni tupu, maana ilimpa pia faraja, kwa sababu ya simu. Mara ya mwisho Njiti alipopiga, kwa simu ya kuazima, mama alimwuliza kama anajikinga. Alijibu huku anacheka, "Mama, kofia niliyopewa ni chuma kitupu. Hata wazo haliingii." Miaka yote mama aliwasimulia wateja maneno hayo huku anawapima mabega. Mtoto alikuwa amekingwa. Mengine ni kazi ya Mungu. Kwa maneno hayo mama aliweza kulala, na akilala yeye, na sisi tulilala.

Mwaka juzi pini zilimmwagikia mezani. Mama ana sumaku ya kuokotea pini. Aliziokota, na ili asiipoteze ile sumaku akaibandika ubavuni mwa helmeti, juu ya sikio la kulia. Ikaanguka. Akaibandika tena, ikaanguka. Akaisogeza mbele kidogo, ikanata. Akairudisha pale pale, ikaanguka. Akaniita.

"Mwanangu, hebu njoo. Chuma hiki mbona hapa si chuma?"

Hakikuwa chuma. Ilikuwa puti, ule udongo ambao mafundi hujazia magari yaliyogongwa. Chini ya baka la kijani kulikuwa na tundu la risasi, limezibwa, limepigwa msasa, limepakwa rangi. Na puti ilikuwa nzima, haina hata ufa. Mnaelewa maana yake, ndugu zangu? Risasi ile haikumpiga Njiti. Ilimpiga mtu aliyeivaa kofia hii kabla yake. Kisha kofia ikavuliwa kichwani mwa mtu huyo, ikazibwa, ikapakwa, akapewa mdogo wangu.

Nilichukua sumaku ya mama nikaingia nayo chumba cha helmeti. Sitawaambia iliangukia ngapi. Mkurugenzi ameniomba idadi isitajwe leo, nami nimemkubalia, kwa sababu ni mtu mwema aliyebanwa. Nyinyi wenye ndugu humu, mkitaka kujua kuhusu yenu, njooni kwangu, milango iko wazi. Na asiyetaka kujua asije, sitamlaumu.

Nilimtafuta mtu aliyefanya kazi kwenye karakana ya jeshi wakati ule. Nilimpata, fundi rangi, mzee sasa. Mwaliko wa leo aliukataa. Siku zote nilidhani, na vitabuni ndivyo nilivyosoma, kwamba mabaka ni ya kumficha askari asionekane na adui. Nilimwuliza. Akasema, "Ni kweli, Mwalimu, mwanzoni. Baadaye zikawa zinarudi kwenye magunia, zimetoboka, na mpya hakuna. Ukipaka rangi moja, kiraka anakiona hata kipofu. Ukipaka mabaka, hakionekani."

Nikamwuliza, "Kisionekane na nani, mzee?"

Akaanza kuosha brashi ambayo ilikuwa safi.

Kisionekane na nani, Mheshimiwa? Adui alikuwa ng'ambo ya bonde. Kiraka kilimhusu nini? Kilifichwa kwa yule aliyekuwa anakwenda kuivaa. Tulikaa miaka yote tukisifu ustadi wa rangi zile, mimi nikiwa wa kwanza, nikizipangusa vumbi kwa kitambaa laini, nikiwaeleza wageni huyu alitumia jani na yule alitumia mchanga. Nilikuwa nasifu kifuniko, na kilichofunikwa kilikuwa chini ya kidole changu.

Naona baadhi yenu mnatazamana. Tulieni, simshitaki mtu. Ningemshitaki nani? Aliyetoa amri alizikwa kwa mizinga, na mimi mwenyewe niliwapanga wanafunzi wangu barabarani wamuage. Mwanasheria aliniambia muda umepita. Wizarani waliniambia nirudi, nikarudi, wakaniambia nirudi. Zamani niliamini kwamba ukweli ukishajulikana, kuna kitu kitasogea. Nimeujua, nimeupeleka kila ofisi yenye mlango, na hakuna hata kiti kilichosogea. Sina tumaini la kuwapa leo. Na ninaomba sana, baada ya shughuli, mtu asinifuate kunipa la kwake.

Ukutani nyuma yangu mmeandika kwa herufi za shaba: ZILIWAKINGA WALIOTUKINGA. Maneno matamu, na mwanafunzi angeniandikia hivyo kwenye insha ningempa alama nzuri. Niliomba yabadilishwe. Nikaambiwa herufi zimekwisha pigiliwa, na zikitolewa ukuta utachafuka. Kwa hiyo yamebaki, na picha zimepigwa mbele yake tangu asubuhi. Mimi pia nimepigwa, ninatabasamu, mtaniona kwenye magazeti.

Sasa, mama.

Ulipoiona ile puti hukulia. Uliondoa pini zako mezani, ukakaa, ukaniuliza neno moja. Hukuuliza alikufaje, hilo silijui, na naamini sitalijua. Uliuliza, "Alijua?" Kwa sababu kama hakujua, basi ile simu ilikuwa ya kweli: alicheka kwa kuamini, na siku zake za mwisho aliishi ametulia. Na kama alijua... Sentensi hiyo hukuimaliza, na mimi sikukusaidia kuimaliza.

Juma lililopita dada anayetunza vitu vya ngozi hapa makumbusho aliniomba ruhusa afungue ngozi ya ndani ya helmeti ya Njiti, aipake mafuta isije ikakatika. Sisi hatukuwahi kuifungua. Niliogopa kuiharibu, na nadhani wewe uliogopa kupoteza harufu. Nilisimama karibu yake akiitoa. Nyuma ya ngozi, upande wa kulia, palikuwa na kipande cha turubai kilichokunjwa tabaka juu ya tabaka, kimekatwa mduara, unene wake kama kidole, kimeshonwa kwa mkono kutoka ukingoni mpaka katikati. Kilikuwa kimeshikizwa pale pale penye puti.

Yule dada akasema, "Labda jeshi ndilo liliweka, Mwalimu." Nikaomba anipe. Nikakigeuza huku na huku, sikuona fundo. Uzi ulianzia ndani na kuishia ndani, na fundo lilikuwa limezamishwa kati ya tabaka, lisikwaruze ngozi ya mtu. Mama, ni wangapi wanaozamisha fundo namna hiyo? Ulitufundisha sisi wote, naye ulimfundisha pamoja nasi, wavulana wenzake wakimcheka dirishani, nawe ukasema mwanamume asiyeweza kushika sindano atakufa na matambara. Mshono ulikuwa wako, ila umebana zaidi ya wako. Umerudiwa, ukarudiwa tena, kama wa mtu ambaye hataki kufika mwisho.

Alijua, mama. Aliligusa tundu kwa dole gumba, kwa ndani, nyuma ya ngozi, kama ambavyo yeyote angeligusa, na kofia nyingine hakuna. Akaomba uzi kwa mtu, akakata turubai mahali, akakaa chini akashona alichokiweza. Turubai halizuii risasi, nawe unajua, na yeye alijua. Kisha akaazima simu akakupigia, akacheka, akakwambia hata wazo haliingii.

Hilo ndilo jibu. Nimelisema mbele za watu kama ulivyotaka, na ulikuwa sahihi: nyumbani ningekwambia hakujua.

Namshukuru Mheshimiwa kwa kuacha kazi zake akaja. Nawashukuru wafanyakazi wa makumbusho, hasa yule dada, ambaye tangu siku ile hajalala vizuri na hastahili lawama yoyote. Namshukuru mama muuza mboga wa ng'ambo ya mto. Ratiba inasema sasa nikukaribishe, Mheshimiwa, uvute kitambaa na kuifunua helmeti ya mdogo wangu. Karibu uvute. Mimi naomba ruhusa nishuke, maana naona mama amekwisha simama, na pale safu ya pili hana pa kushika.

Asanteni kwa kunisikiliza. Naomba msipige makofi.