Historia ya Mwalimu Honorata Luambano na Swali Aliloniachia

Baba paroko, walimu wenzangu, majirani wa Bombambili na ndugu wote mliokuja kutupa pole, mimi ni Romanus Luambano, kaka wa marehemu, na kazi hii ya kusoma sikuiomba, alinipa mwenyewe akiwa kitandani, akijua, kama ukoo mzima unavyojua, kwamba nimemwonea wivu tangu tukiwa watoto, na akaniagiza niseme kweli, hata ile inayonihusu.

Marehemu Honorata alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Hanga, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Klemensi Luambano, seremala wa watawa, mimi nikiwa wa pili. Alianza darasa la kwanza mwaka 1961, darasa moja na mimi niliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, kwa sababu maradhi yalinichelewesha, na kuanzia hapo baba akirudi kazini aliuliza kwanza Honorata kapata ngapi, ndipo anigeukie mimi, jambo ambalo liliniuma na linaniuma hata leo nikiwa na mvi. Alimaliza darasa la saba mwaka 1967, kidato cha nne mwaka 1971 akiongoza shule yake kwa Kiingereza, kidato cha sita mwaka 1973, na stashahada ya ualimu mwaka 1975 mkoani Iringa, ambako na mimi nilisoma na kufaulu, ingawa kwangu hakuna aliyechinja kuku.

Alianza kazi Januari 1976 wilayani Tunduru, na mwaka 1982 akahamishiwa Songea, katika shule ya sekondari niliyokuwa nikifundisha, yeye akapewa Kiingereza cha kidato cha nne, mimi nikabaki na kidato cha pili. Tarehe 6 Mei 1978 alikuwa amefunga ndoa na Bwana Tumsifu Mrutu, bwana shamba kutoka Same, mtu mpole, wakapata watoto wawili, Recho na Violeth, wote wasomaji, wakati mimi nina saba na vitabu vyangu vinaliwa na mchwa.

Miaka ile biashara zilipofunguliwa, mitumba na redio za kaseti zikajaa mjini, wazazi nao wakataka Kiingereza kwa haraka hiyo hiyo, kila mwalimu akafungua tuisheni, mimi nikatoa notisi za kukariri, majina ya tamathali zote na maana zake, lakini yeye kibarazani kwake hapa Bombambili hakuwa na notisi hata karatasi moja. Aliwafundisha kwamba wakiulizwa kuhusu lugha ya mwandishi waanze na neno ambalo mwandishi hakulitumia, waseme mwandishi angeweza kuandika hivi, kisha waeleze amepata nini kwa kuliacha. Kufikia mwaka 1992 wanafunzi wangu walikuwa wakipita mlangoni kwangu, wananiamkia shikamoo kwa adabu zote, halafu wanaendelea kwake, na wivu wangu, ndugu zangu, ulifika mahali chakula kikawa hakipiti.

Julai 1993 tulisahihisha mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, ule tunaouita moko, na mwongozo wa kusahihisha swali la nane, lenye alama nane, niliuandika mimi. Habari waliyopewa ilisema mvua ilikaa juu ya kijiji, wakaulizwa kwa nini mwandishi alichagua neno hilo. Mmoja aliandika kwamba mwandishi angeweza kuandika ilinyesha, lakini mvua inayonyesha huisha, ila inayokaa ni kama mgeni asiyeaga, mpaka wenyeji waanze kuchungulia ghalani wamebakiwa na nini. Karatasi zilikuwa na namba bila majina, lakini kwa maneno yale ya kuanzia nilijua jibu hilo limetoka kibaraza gani, na kwa kuwa mwongozo wangu ulitaka jina la tamathali tu, tashihisi, niliandika sifuri, kwake na kwa wenzake thelathini na wanane. Matokeo yalipotoka, mkuu wa shule alimwondoa marehemu kidato cha nne akaniweka mimi, na wanafunzi wale aliowafundisha yeye walipofaulu mtihani wa taifa, nilipewa cheti na blanketi, nikavipokea.

Novemba 1997 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa hapa Songea na Dar es Salaam, na Juni mwaka huu, alipoona nguvu zinamwisha, aliniita akasema niandike historia yake akiwa bado ana macho ya kuisoma, maana amechoka kusikia marehemu wakisomewa maneno ya kuazimana. Nilipompelekea aliomba kalamu nyekundu. Kila mahali nilipoandika alibahatika, yaani alibahatika kuchaguliwa sekondari, alibahatika kupata stashahada, alibahatika kuaminiwa kazini, alifuta, akaliacha moja tu, pale niliposema alibahatika kumpata Tumsifu. Na pale nilipoandika kwamba mwaka 1993 aliacha kufundisha kidato cha nne, aliandika pembeni: mwandishi angeweza kuandika alinyang'anywa, kwa nini amechagua aliacha, alama nane.

Hapo ndipo nilipojua kuwa alijua, kwa miaka mitano, kwa sababu karatasi zile zilirudishwa shuleni, kila mwanafunzi akapewa yake, na mwandiko wangu aliufahamu, na miaka yote hiyo aliendelea kuniita kaka na kuniletea mahindi mabichi kila msimu. Niliitia rasimu mfukoni, nikajiambia nitamjibu akipata nafuu, naye akafariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Agosti 1998.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchota maji, walimu mliochimba kaburi kwa mikono yenu, na Sharifa Alfani, binti wa Tunduru aliyeishi kwa marehemu akisoma, ambaye sasa anamalizia chuo cha ualimu na ndiye aliyemwogesha mwalimu wake miezi mitatu ya mwisho. Sharifa, lile jibu la mvua lilikuwa lako, na lilistahili alama zote nane.

Mdogo wangu, hata leo nikiutazama umati huu nakuonea wivu, kwangu hawatafika nusu. Jibu ni hili: mwandishi alichagua aliacha kwa sababu anayeacha mwenyewe hatafutiwi mwizi, na mwandishi ndiye aliyeiba. Najua karatasi ya aliyechelewa haisahihishwi. Pumzika kwa amani, Honorata, ile niliyokunyima ukiwa hai.