Tosa Mawingu, Ndege Ifike Kudha

Benchi la Majengo, pale Kismayu, ni ubao wa mashua iliyokufa, umelazwa juu ya matofali mbele ya duka la simu la Jaafar. Ukikaa vibaya unachomwa na msumari, ukikaa vizuri unachomwa na maneno. Alasiri ile Jaafar alikuwa ameitoa kompyuta yake nje, akaiweka kivulini juu ya sanduku la samaki, na mbele ya kioo wamemkalisha Mbwana, mzee wa watu, mzaliwa wa Kudha. Kesho asubuhi ndege ya kweli itamchukua mpaka Nairobi, na kutoka huko mpaka Uholanzi kwa bintiye Ibtisam, na wazee wa umri wake wakenda huko hawarudi. Alitaka jambo moja tu kabla ya safari: kuiona Kudha, alikozaliwa na alikozikwa mama yake, apate kuiaga. Kwa mashua hakuendeki, maana mwaka ule kisiwa kilikaliwa na wenye bunduki. Lakini Jaafar ana ndege ndani ya kompyuta. Ni ya mchezo, ndiyo, ila dunia iliyo chini yake, aapa Jaafar, ni hii hii yetu.

Taabu ni kwamba ndege ilikuwa inakwama.

— Bismillahi, tumeruka! — akasema Jaafar.

Huyu Jaafar kijiwe kinamwita Rubani. Ndege hajapanda hata siku moja. Kutoka kambini Dadaab alirudi kwa lori, akitapika njia nzima. Lakini mweke mbele ya kompyuta umwone anavyobana sauti. Kioo kilionyesha chumba cha rubani kama umekaa ndani yake: usukani, saa, sindano zinazotetemeka, na vioo vidogo vitatu vinavyowaka buluu. Nje ya dirisha, bahari na visiwa vyake. Koyama ikapita, Chovae ikapita, Chula ikapita, zote kwa kurukaruka kama chura. Mara Kudha ikachomoza, miti yake na mapaa mekundu ya nyumba. Mbwana akainama mbele. Picha ikaganda tuli.

— Imekwama! — wakapiga kelele wote, na Jaafar akaifunga safari kabla mzee hajafumbua mdomo.

— Tena palepale! — akasema Ahmed, aitwaye Winchi kwa sababu alipakua meli bandarini kabla ya vita, na tangu hapo anaamini kila tatizo la dunia ni uzito. — Waryaa, Rubani, mashine yako ina matundu mgongoni. Vumbi laingia. Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Akavua kofia yake, akayaziba matundu ya feni. Kompyuta ikaanza kuvuma, kisha ikatoa harufu ya mpira unaoungua.

— Toa mkono wako! — Jaafar akaruka. — Hapo ndipo inapopumulia!

— Sasa joto ndiyo shida yake? Si useme!

Winchi akavuka njia, akarudi na barafu ya wauza samaki ndani ya mfuko wa plastiki, akaipakata kompyuta kama mtoto mwenye homa. Wakaruka upya. Picha haikuongeza hata hatua moja, ila benchi zima likaanza kunuka samaki.

— Nyote mwapoteza wakati, — akasema Omar. Yeye ndiye Redio: husikiliza stesheni tatu, akaamini ya nne. — Hii ni siasa. Jiulizeni. Uwanjani yaenda vizuri, Koyama yaenda, mbona ikwame Kudha tu?

— Kwa nini?

— Kule juu kuna ndege za kweli zisizo na rubani, zazunguka mchana na usiku. Yetu haina ruhusa. Wameiona, wameishika.

— Huu ni mchezo, Redio, — akasema Jaafar.

— Hata vita vilipoanza walisema ni mchezo. Na hapa kuna ndege isiyo na rubani imekutana na rubani asiye na ndege. Lazima kitu kikwame!

Kijiwe kikaangua kicheko. Jaafar hakucheka. Alijimiminia kahawa ya tangawizi kutoka kwenye dele, akashusha pumzi, akaamua kuwasomesha.

— Nisikilizeni. Hii si filamu. Kompyuta yachora picha moja, yaifuta, yachora nyingine. Zikitimia thelathini kwa sekunde, macho yanadanganyika, mwaona ndege yapaa. Yangu yachora nne tu, na ikifika Kudha haichori hata moja.

— Nne si haba, — akasema Winchi. — Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini? Picha haziwekwi akiba! Na tatizo ni chumba cha rubani. Ingekuwa twaitazama ndege kwa nje, ingekwenda. Lakini tuko ndani. Kila sindano muionayo hapa yachorwa, kila saa, na hivi vioo vitatu kila kimoja kina picha yake. Juu ya hayo kuna mawingu, mawimbi, vivuli, meli, miti, nyumba. Yote kwa mashine moja.

Winchi akasimama. Macho yalimng'aa.

— Kumbe ni shehena! Mtoto huyu kutwa nzima atuficha! Chombo kimezidiwa, si basi? Na chombo kikizidiwa hufanywaje?

— Mizigo hutoswa, — wakajibu pamoja.

Hapo hakuna aliyebisha, maana hilo kila mtu wa pwani ile alijua hata kama hakufunzwa. Bahari ikichafuka na maji yakafika ukingoni, mizigo hutupwa. Mbwana akakohoa kidogo.

— Lakini kutosa kuna ada yake, wanangu, — akasema. — Nahodha hutosa chake kwanza.

Alikuwa akiikumbuka mashua iliyowatoa Kudha mwaka tisini na moja, watu wamejazana humo mpaka hakuna pa kuweka mguu. Nahodha aliinua sanduku lake la harusi, akalitupa mbele ya macho ya mkewe. Baada ya hapo hakuna aliyelazimishwa. Cherehani ikaenda, milango ya nakshi ikaenda, masufuria ya marehemu mama yake Mbwana yakaenda moja moja. Mchu, kama mtu anavyoitwa kule visiwani, akishaona cha nahodha kinaelea, aona haya kukumbatia chake.

— Haya, Rubani, — akasema Winchi. — Wewe ndiye nahodha. Chako kipi?

— Kinachokula nguvu kuliko vyote ni hivi vioo vyangu vya buluu, — Jaafar akakiri.

— Basi vitose.

— Vioo vyangu? — Jaafar akaweka mkono mbele ya kompyuta, kama wataivamia. — Bila hivi mimi ni nani? Nitajuaje niko juu kiasi gani? Ada hiyo ni ya baharini, ami Mbwana. Hapa tuko angani.

— Angani nako kuna ada, — akasema Redio. — Aliye mbele hatoswi.

Wakaanza na mawingu, kwa kuwa mawingu hayana mwenyewe. Jaafar akabonyeza, mbingu ikawa tupu. Ndege ikachangamka kidogo. Wakatosa vivuli. Wakatosa mawimbi, bahari ikawa sakafu. Jaafar akafika kwenye meli, Winchi akamshika mkono.

— Meli, hapana. Vita vyote nimekaa pale bandarini nikingoja meli. Leo zimekuja, uzitose?

— Basi mnara wa pale uwanjani.

— Mnara ndio unaoleta redio! — akafoka Omar. — Ukiugusa, nachukua kahawa yangu nakwenda.

— Kahawa ni ya wote.

— Nachukua na dele!

Jaafar akarudi kwenye orodha yake kiooni. Vioo vyake havitoswi. Meli zina Winchi, mnara una Redio. Akatafuta kitu kisicho na mtu wa kukipigia kelele.

— Kuna miti, — akasema. — Na nyumba za visiwani.

Kila mmoja akamtazama mwenzake.

— Tosa! — akasema Winchi.

Mbwana alitaka kusema. Lakini akaona wenzake wanavyotoka jasho kwa ajili yake, barafu inawatonea magotini, kahawa yao inapoa, akaona haya. Mchu anayebebwa atawafundishaje wabebaji pa kukanyaga?

Jaafar akabonyeza. Miti ikaondoka. Akabonyeza tena, nyumba zikaondoka.

— Bandu bandu huisha gogo! — Winchi akashangilia, kana kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya kupongezana.

Na kweli, ndege ikaruka. Wallahi iliruka! Ilipaa kutoka Kismayu bila kusita, sindano zinazunguka, vioo vya Jaafar vinawaka, meli za Winchi zimetulia bandarini, mnara wa Redio umesimama. Koyama ikapita, Chovae ikapita, Chula ikapita. Ikaja Kudha: bapa la ardhi la kijani kibichi, limelala juu ya sakafu ya buluu, halina mti, halina ukuta, halina kaburi. Likapita chini ya bawa, likaisha, na mbele ikawa bahari tupu.

Kijiwe kikapiga makofi. Wapita njia wakageuka.

— Umeona, ami Mbwana? Umeona ilivyokwenda?

— Nimeona, — akasema Mbwana.

— Haijakwama!

— Haijakwama, mwanangu. Mungu akulipe.

Wakamrushia tena, apate kushiba. Bapa likaja, likapita. Mbwana alitabasamu kwa adabu, na ndani alisikia uchungu ambao hakuusikia hata siku ile masufuria ya mama yake yalipozama. Siku ile angalau waliokuwa chomboni walilia.

Hapo ndipo alipotokea Saada, nduguye mdogo, yule atakayebaki Kismayu peke yake. Alikuja kumwita, sanduku halifungiki na Maghrib inakaribia.

— Salaam alaykum. Kaka Mbwana, umeshaiona Kudha?

— Alaykum salaam, bi Saada! — Winchi akamjibu badala ya mwenyewe. — Ameiona mpaka amekinai! Karibu, nawe uone. Rubani, mpitishe bibi.

Jaafar akapitisha. Saada akaangalia, leso kaishika kidevuni.

— Kudha ni ipi?

— Hiyo iliyopita.

— Hiyo? Nyumba ziko wapi?

— Tumezitosa, ili ndege isikwame, — akasema Jaafar kwa fahari.

— Mwanzo zilikuwapo?

— Zilikuwapo, na miti. Ndiyo maana ikawa inakwama.

— Ikikwama inakuwaje? Inaanguka?

— Haianguki. Inasimama tu.

— Inasimama wapi?

— Palepale. Juu ya kisiwa.

Saada akawatazama mmoja mmoja: Jaafar, Winchi mwenye mfuko wa barafu, Redio mwenye kikombe. Hakukasirika. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza bei ya unga.

— Sasa mchu anayekwenda kuaga kwao, mwataka apite mbio?

Winchi alifungua kinywa, methali ikakataa kuja. Redio akautazama mnara wake.

Jaafar akavuta kibodi polepole. Nahodha hutosa chake kwanza. Akakizima kioo chake cha kwanza cha buluu, kikawa cheusi. Akakizima cha pili. Kwenye cha tatu vidole vilisita, kisha akabonyeza. Halafu akaanza kurudisha: miti, nyumba, mawimbi, vivuli, hata mawingu.

— Meli zangu kama zakuelemea, toa, — akasema Winchi, sauti imeshuka.

— Na mnara, — akasema Redio. — Redio ninayo mfukoni.

— Acheni, — akasema Jaafar. — Nataka ilemewe.

Ndege ikaondoka ikichechemea, ndani ya chumba chake chenye giza. Koyama ikaruka. Chovae ikaruka. Chula ikachelewa kuja, ikachelewa na kuondoka. Kijiwe kizima kilikuwa kimeshika pumzi, safari hii kikiogopa isije ikanyooka. Kudha ikachomoza, na miti, na mapaa. Picha ikaganda.

Hakuna aliyepiga kelele.

Saada akasogea, akakodoa macho.

— Kaka, hizi nyumba za nani? Zina dohani za kutolea moshi. Kudha nani alikuwa na dohani?

Na kweli zilikuwa nyumba za nchi za baridi, vigae vyekundu na dohani juu, labda kama zile za huko kwa Ibtisam. Aliyezichora hajawahi kuiona Kudha hata kwa ndoto. Mbwana alijua. Akanyoosha kidole, kikagusa kioo.

— Ile, — akasema. — Ya pili kutoka ufukoni. Ndiyo yetu.

Saada akaitazama ile nyumba ya kigeni kwa muda mrefu.

— Mlango uliangalia msikiti, — akasema.

— Huu hapa waangalia msikiti.

— Basi ndiyo, — akasema Saada. — Na mama yuko hapo nyuma.

— Hapo nyuma, penye ule mti.

Redio, ambaye hajawahi kukubali hata tarehe ya leo, aliweka kikombe chini akainua mikono. Wakaisoma Fatiha, wote watano, mbele ya kompyuta inayonuka samaki. Mbwana alilia bila kujificha. Walipomaliza Winchi akaliinamisha dele ili ammiminie mzee kikombe cha mwisho, likatoa tone moja na machicha ya kahawa.

Jaafar akajifuta uso kwa mkono wa shati.

— Niizime, ami?

— Iache, mwanangu, — akasema Mbwana. — Imekwama pazuri.