Barua Iliyobaki Kwenye Diski

Akina mama wa kikundi hiki, asanteni kwa nafasi. Sijazoea kusema mbele ya watu, mtanivumilia.

Mume wangu alipougua, kabla ya kufariki, aliwaandikia watoto barua kwenye kompyuta ya kazini, akaiweka kwenye diski. Mimi nauza ndengu katika miji mitatu: Kitui Jumatatu, Wote Alhamisi, Kibwezi Jumamosi. Baada ya soko nilikuwa naingia kwa wachapaji wa kompyuta, naomba wanifungulie ile barua. Nakala yake ya karatasi ninayo. Lakini ndugu zangu, nawaambia, kila ilipotokea kwenye kioo cha kompyuta nilihisi kama anaandika saa hiyo.

Sikujua diski ina virusi. Mashine zikaanza kupoteza kazi za watu.

Wachapaji watatu, mmoja kila mji, walijipanga. Kila mmoja aliandika kwenye daftari mashine gani imeugua na siku gani, saa sita wakapigiana simu, kisha wakabandika onyo mlangoni. Alhamisi moja nikalisoma la mji wa Wote: virusi vimeonekana Kitui Jumatatu, Wote Alhamisi, Kibwezi Jumamosi.

Hizo zilikuwa siku zangu za soko.

Sikusema. Niliogopa wataifuta barua. Sitawadanganya: Jumamosi hiyo, Kibwezi, niliomba wanifungulie tena.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta mwalimu mmoja ameketi nje ya duka hilo, ameshika kichwa. Mtihani wa darasa zima aliouchapa hapo ulikuwa umepotea. Nikashindwa kumpita. Nikaingia, nikamwekea mwenye duka diski mezani.

"Ni mimi."

Akaniangalia. "Mwaitu, mama yetu, kumbe ni wewe? Sisi tumekuwa tukimtafuta kijana wa Nairobi mwenye tai."

"Utaifuta barua?"

"Kwanza tuitoe barua. Virusi vitangoja."

Akaihamishia kwenye diski mpya, akaisafisha ile ya zamani, halafu akawapigia wenzake: "Tumepata vinakotoka. Safisheni mashine zote. Jina halihitajiki."

Mwalimu nilimwomba msamaha mwenyewe. Akanipa rasimu yake iliyoandikwa kwa mkono. "Basi nisomee." Nikamsomea swali moja moja, yeye akichapa, hadi tukamaliza.

Nawashukuru wale watatu, na mwalimu. Watoto wangu bado wana maneno ya baba yao. Mwenzangu, ukigundua umebeba kitu kinachoumiza watu, sema siku hiyo hiyo, hata kama unakipenda. Mimi nilichelewa, mwingine akaumia, na hata hivyo walinipokea kama mama yao.