Rex Pfitzner na Jike Asiye na Pete

Rex Alwyn Pfitzner alizaliwa Loxton, kando ya Mto Murray, tarehe 9 Machi 1941, mtoto wa tatu wa Bruno na Selma Pfitzner. Alibatizwa katika kanisa hili hili la Kilutheri ambamo leo tumemleta.

Alisoma shule ya hapa mjini hadi mwaka 1956. Mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti, "Muda mwingi anatazama nje ya dirisha." Baba yake akasema, "Afadhali, kuna kitu anatazama." Alichotazama ni ndege. Akiwa na miaka kumi na mmoja alipewa na mjomba wake jozi ya kwanza ya kasuku wa kifua chekundu, na tangu siku hiyo hakuwahi kukaa bila wao.

Mwaka 1957 aliajiriwa kwenye maghala ya ngano, na kwa miaka arobaini na minne kazi yake ilikuwa kukagua ngano ya wakulima. Alichota konzi moja, akaitandaza kwenye sinia, na punje tatu za magugu zilitosha kurudisha lori zima shambani. Wakulima walimtania, "Rex, kwako hata mke angerudishwa kwao kwa chunusi." Yeye alicheka, na lori likarudi.

Tarehe 16 Aprili 1966 alimwoa Merle Trezise wa Moonta. Kabla ya kukubali, Merle alimwuliza, "Unanipenda mimi, au unatafuta mtu wa kukuangalizia ndege ukiwa kazini?"

"Vyote viwili," Rex akajibu.

"Basi angalau husemi uongo."

Walijaliwa watoto wawili, Raelene na Trevor.

Waliofika nyumbani kwao wanakumbuka vizimba vyote vikitazama kaskazini, ambako, huku kwetu kusini mwa dunia, jua la majira ya baridi hupita bila kizuizi. Kasuku hawa ni watoto wa jangwa. Unyevu huwaua upesi kuliko njaa. Aliwaezekea paa, akawamwagia mchanga mkavu wa mto na kuubadilisha mara kwa mara, kwa kuwa hula chini na minyoo huwapata hapo. Kila Septemba alitundika magogo yenye uwazi, ndani kaweka unga wa mti uliooza. Jike huatamia siku kumi na nane, dume akimletea chakula, na baada ya mwezi makinda huchungulia nje. Dume aliyekomaa ana uso wa buluu kama moto wa jiko la gesi, kifua chekundu, tumbo la manjano na mgongo wa kijani, na mwili wote hauzidi urefu wa mkono kuanzia kifundo hadi ncha ya kidole. Jike hana wekundu huo. Makinda wote hufanana na mama.

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo marehemu aliomba lisemwe leo bila kufichwa.

Septemba 2001 alichukua jike asiye na pete ya utambulisho mguuni, kutoka kwenye vizimba vya mfugaji aliyefariki. Merle alimtazama yule ndege, akasema, "Huyu ana weupe kati ya jicho na mdomo. Majike wako hawana. Huyu ni kasuku feruzi."

"Merle, nimekagua ngano miaka arobaini na minne."

"Ngano haitagi mayai, mpenzi."

Rex alimwoanisha jike huyo na dume wake bora. Kwa misimu miwili walipata makinda kumi na watatu, akawavika pete na kuwagawa kwa wafugaji kabla hawajageuka rangi. Februari 2003 Merle alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Mwezi Aprili mfugaji wa Waikerie alipiga simu. "Bwana Pfitzner, dume wako kifua ni chekundu, sawa. Lakini na begani pia pana wekundu. Umenipa ndege gani?"

Wekundu wa begani ni alama ya kasuku feruzi; makinda wale walikuwa machotara, na wangechafua damu ya ndege wa kila aliyewapokea. Jioni hiyo Raelene alimkuta baba yake kwenye kiti cha Merle, mbele ya kizimba, akisema, "Nimeona. Merle, sasa nimeona." Hakuwa akiongea peke yake, alikuwa akinyamaza kusubiri jibu.

Kwa miaka iliyofuata alizunguka kutoka Mildura hadi Ceduna, akiomba arudishiwe ndege wake na watoto wao. Hakuua hata mmoja. Aliwatenga, madume huku, majike kule, bila magogo. Rafiki yake Clarrie Obst alimwambia, "Umefungua nyumba ya watawa, ndugu yangu."

"Watawa huwa wamekubali," Rex akasema.

Kila Septemba majike wale walikwangua pembe za kizimba wakitafuta uwazi, kisha wakataga mchangani. Aliyaokota mayai, akayatia mfukoni mwa shati, akatembea nayo bila kujua pa kuyatupa, na humo yakaendelea kuwa na joto.

Kati ya wale kumi na watatu alipata kumi na wawili, pamoja na watoto na wajukuu wao. Jike mwenye pete namba 58 hakupatikana.

Mwaka 2019 alianza kukohoa. Daktari alieleza kuwa vumbi la manyoya limekausha mapafu, akamtaka aachane na ndege. Rex alisema wale waliotengwa hawana mwingine. Siku zake za mwisho aliuliza, "Kuna habari za hamsini na nane?"

"Baba, huyo alishakufa zamani," Raelene alimwambia.

"Yeye, ndiyo. Na watoto wake?"

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi.

Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, dada yake Edna, na vitukuu watano wa yule jike asiye na pete, ambao Raelene amekubali kuwatunza hadi wa mwisho.

Wafugaji mliopo hapa, mkirudi nyumbani, watazameni ndege wenu machoni na mabegani kwa uangalifu. Mkiona weupe au wekundu usio mahali pake, pigeni simu kwenye nyumba ile ile. Hamtalaumiwa.

Rex, lala kwa utulivu kando ya Merle. Kazi ya kutafuta tumekupokea.