Mama Nyamvula na Jino Alilolirusha Paani

Marehemu Mama Nyamvula Randu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 huko Mwakirunge, Kisauni. Shule aliionja tu. Alifika darasa la pili, akatolewa ili alee wadogo zake. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya gumbaru, na tangu hapo hakupita ubao wa duka bila kuusoma kwa sauti.

Alianza kazi kwa kuponda kokoto, kisha akahamia Mjambere kuuza mahamri na mbaazi. Wengi mlioko hapa mmekula kutoka mkononi mwake. Mwaka 1972 alifunga ndoa na marehemu Mzee Randu, wakajaliwa mwana mmoja, Tinga, ambaye ndiye anayewasomea haya.

Mtaani alijulikana pia kwa meno ya watoto. Jino la utoto likitoka, mtoto aliletwa kwake, naye alilirusha paani na kumwombea mtoto jipya. Watoto walimpenda kwa hilo.

Hapa msomaji angependa kuruka, lakini marehemu alimkataza. "Mkinisifu tu, mtakuwa mmenizika na uongo," alisema. "Someni na lile la Mbeyu."

Mbeyu ni mkaza mwana wake, mke wa Tinga. Binti yao, Emmaculate, alipatikana na kisukari akiwa na miaka saba, akaanza kudungwa sindano kila siku. Fizi zake zilipoanza kutoka damu, marehemu alimnyang'anya mswaki. "Kidonda hakisuguliwi," alisema, akampa maji ya chumvi asukutue. Fizi zikazidi kuvimba. Mwaka 2021, Emmaculate akiwa na miaka kumi na miwili, jino la mbele lililegea likatoka. Marehemu alilirusha paani kama yale mengine. Kumbe lilikuwa jino la ukubwani, nasi nyumba nzima tukakaa tukingoja liote.

Lilipokosa kuota, akatafutwa wa kulaumiwa. Marehemu aliwahi kumwona Mbeyu akimnywesha mtoto maji ya sukari siku aliyotetemeka na kutokwa na jasho. Akapeleka maneno kwa akina mama wa jumuiya, kwamba mkaza mwana wake anamlisha sukari mtoto wa kisukari. Mbeyu akaacha kwenda kanisani. Mumewe alijua kwa nini, akanyamaza. Emmaculate naye akajifunza kucheka na mkono mdomoni.

Daktari wa meno ndiye aliyetueleza. Sukari ikishuka, kitamu ndicho kinachomwokoa mtoto. Ikikaa juu, fizi huugua, na fizi inayotoka damu haiachishwi mswaki, husuguliwa kwa upole. Mbeyu hakuwa na kosa. Marehemu alirudi nyumbani akamrudishia mjukuu wake mswaki, lakini maneno aliyoyapeleka kwa watu hakurudi kuyachukua. Aliona haya. Sote tuliona haya, na aibu yetu tukamwachia Mbeyu aibebe kwa miaka minne.

Mwezi Februari 2025 marehemu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, mdomo ukapinda. Aliyempiga mswaki kila asubuhi alikuwa Mbeyu. Siku moja marehemu alimshika kwa mkono uliobaki.

"Mwanangu, nilikuvua nguo mbele za watu. Na mimi nivuliwe mbele zao."

"Panua kinywa, mama," Mbeyu alimjibu. "Hatujamaliza."

Aliaga dunia nyumbani Mjambere, Jumapili tarehe 9 Novemba 2025.

Majina ya aliowaacha aliyapanga mwenyewe. La kwanza ni la Mbeyu, mkaza mwana wake, ambaye alimwokoa mtoto siku ile. La pili ni la Emmaculate, mjukuu wake, ambaye ameombwa acheke bila kujiziba. La mwisho ni la Tinga, mwanawe, aliyejua akanyamaza.

Akina mama wa jumuiya, mliambiwa vingine, na leo mmesikia. Sasa mama yetu anaweza kupumzika kwa amani.