Binti Aliyemeza Dawa za Watu Wawili

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1991, kifungua mimba wa mama mwalimu na hayati baba mhasibu. Alisoma sekondari ya bweni ya wasichana, kisha chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 2013 akiwa mkaguzi wa mizani.

Kazini hakumpendelea mtu. Siku moja aliingia buchani kwa mjomba wake.

"Mwanangu, hata mimi?"

"Shikamoo, mjomba. Lete jiwe la kilo."

Bucha likafungwa wiki nzima. Mjomba yupo hapa, na ndiye anayelia kuliko wote.

Aliolewa tarehe 6 Agosti 2022. Kabla ya ndoa alipimwa afya, akaonekana salama. Mwenzake alisema ana haraka, hakupimwa.

Mimba ilipofika mwezi wa nne, kliniki ilimkuta na klamidia, ugonjwa wa zinaa ambao kwa wengi hauumi, hauwashi, wala hauonyeshi dalili. Akapewa vidonge vyake na vya mumewe.

"Mimi mzima kama chuma," mume alisema. "Nimeze dawa ya nini?"

Ili kumsitiri mbele ya muuguzi aliyetaka kuona pakiti zote tupu, marehemu akameza vya wote wawili. Alipona, kisha akaambukizwa tena, kitandani kwake, na mtu aliyemsitiri.

Hakuhisi chochote hadi chupa ya uzazi ilipopasuka mwezi wa saba. Daktari alimweleza mama yake: "Mama, mdudu alikuwa kimya. Kinga ya mwili ndiyo iliyomvamia, na vita hivyo vikaidhoofisha chupa." Baada ya hapo maambukizi yaliingia kwenye damu. Alijifungua, akafariki tarehe 2 Mei 2025.

Maiti ikiwa bado wodini, wifi yake alisema kwenye korido, "Hayo kayatoa kwao."

"Kwetu alitoka amepimwa," mama yake alimjibu. "Muulize kaka yako."

Hakuulizwa. Ndiyo maana haya yamechapwa, ili kila mwombolezaji aondoke na nakala yake.

Marehemu ameacha binti mchanga aliye kwenye mashine ya joto, mama mjane, wadogo zake wawili na mjomba. Mume naye yupo, mstari wa mbele. Wasichana wanaomwonea huruma leo wamtazame vizuri.

Binti yetu alale salama. Hakuwa na doa.