Mama Alima na Sala ya Kufunga

Baada ya miaka ishirini na mbili ya kazi, Mama Alima Hemedi, mratibu wa Komite ya Makanisa na Msikiti ya Mabanga, anapumzika rasmi Ijumaa hii, tarehe 27 mwezi wa sita. Neno "anapumzika" limetoka kwenye programu ya sherehe. Sisi tunaomjua tunasema ni uongo mtupu.

Alianza mwaka wa 2003, watu wakiwa bado wanajenga upya juu ya lava ya mlima wa moto. Alikuwa muuza vitenge, Mwislamu, mtoto wa ukoo wa Maniema, mwenye mdomo usiojua likizo. Aliingia kwenye mkutano wetu wa parokia bila kualikwa, akatugombeza: mbona mnaongea usalama wa mtaa bila kuita Waislamu, kwani wezi wanauliza mutu anasali wapi? Padri alichoka kusikiliza, akamwambia basi akae atusaidie. Akakaa kweli.

Tangu hapo amechunga dini zetu zote. Benny, mweka hazina wetu, Mkatoliki wa Butembo, alikutwa naye Ijumaa Kuu akiwa ameshika mshikaki wa mbuzi. Alipata mahubiri marefu kuliko ya padri, tena barabarani, mbele ya watu wa motari na pikipiki zao.

Lakini sifa yake mtaani ilitokana na sala ya kufunga. Kwetu mkutano hufunguliwa kwa sala na hufungwa kwa sala, na mtu mwenye heshima zake hatoki katikati. Wakubwa wa ofisi tuliowaalika walilijua hilo vizuri. Walikuja, wakanywa Fanta, wakasema "tutaona", wakangoja Amina, wakaenda zao. Mama Alima akaamua kwamba kuanzia siku hiyo sala ya kufunga itangoja jibu. Alikuwa akimwuliza mgeni swali moja tu, kisha anamalizia: "Ndiyo ao hapana, muzee?" Halafu ananyamaza, na ukumbi mzima unanyamaza naye. Hata sisi wenyeji tulikuwa tunatoka jasho.

Kisha likaja jambo la Jolie. Jolie anauza mikate. Jioni moja alikuwa anarudi kutoka sokoni kupitia avenyu yetu, giza tupu, wezi wakamnyang'anya beseni na simu na kumvunja mkono. Mama Alima alilia mbele yetu bila kujificha. Akapangusa macho, akaenda kumwalika mkubwa mmoja wa mambo ya taa, ambaye jina lake tunamwachia mwenyewe.

Mkubwa alikuja na gari lake kubwa. Aliongea bajeti, akaongea washirika, akaongea tathmini. Mama Alima akauliza: utaweka taa kwenye avenyu yetu, ndiyo ao hapana? Kimya. Ole wetu! Pasta Adalbert wa komite yetu, mtu mwema kabisa, aliona kimya kile akadhani ni zamu yake. Alisimama, akasema tufumbe macho, akafunga mkutano kwa sauti nzuri. Tulipofumbua macho, kiti cha mkubwa kilikuwa kitupu. Imamu Idrissa alijifunika uso kwa kofia yake.

Mama Alima hakupoteza muda kumgombeza pasta. Hiyo aliiweka kiporo. Alifunga kitenge, akakimbia juu ya mawe ya lava na kandambili moja, akamkuta mkubwa mguu mmoja ndani ya gari. Hakupiga kelele. Aliinua mikono, akafungua mkutano mpya kwa sala, palepale getini. Dereva akazima injini. Mkubwa akavua kofia, maana angefanya nini? Mvua ikaanza kunyesha, mama akaendelea kuombea mtaa, nyumba kwa nyumba, na sisi tukaitikia Amina tukiwa tumezunguka gari. Mwisho mkubwa akasema: "Ndiyo, mama. Ndiyo. Lakini munifungie basi hii sala!"

Taa zilikuja kabla ya Noeli. Jolie anauza mikate chini ya mojawapo, na mkono wake umepona.

Tuseme ukweli: taa zilifika nusu ya avenyu. Upande wa chini, kuelekea shuleni, bado ni giza, na wasichana wanapita hapo wakitoka masomo ya jioni. Jolie amekubali kushika kazi ya Mama Alima. Wiki ijayo atamuuliza mkubwa mpya wa taa swali lile, kwa mara yake ya kwanza, na anasema wazi kwamba anaogopa. Ameomba kitu kimoja tu: Mama Alima asimame kando yake. Lakini Jumapili hii mama anapanda boti kwenda Bukavu kwa binti yake Shakila, na tulipomuuliza kama atarudi kwa siku hiyo, alijibu: "Tutaona."

Tutaona! Mama, neno hilo wewe mwenyewe ulitukataza kulipokea.

Kwa hiyo msishangae programu hii haina sala ya kufunga. Pasta Adalbert amewekwa katikati ya bamama wawili wenye nguvu, na wamepewa maagizo. Samaki wa sambaza wapo, Fanta zipo, hakuna mwenye haraka.

Mama Alima, tunakushukuru kwa kila gombezo. Tutakukosa sana, na tunakuombea uzee mtamu wenye wajukuu wengi na usingizi wa kutosha. Ila kwanza utujibu, mbele ya watu wote hawa: utasimama na Jolie, ndiyo ao hapana?

Tumekaa. Tunangoja.

Micheline, mwandishi wa Komite